Picha ya Mgongo wa Chepkirui

Jumamosi asubuhi, studioni, Chepkirui alivua sare yake ya kazi, akaikunja, akaiweka kitini pamoja na kitambulisho na soksi. Kisha akavua na vilivyobaki. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alikuwa ametoka zamu katika mji wa Falls Church, Marekani, ambako alihudumia wazee majumbani mwao. Layla, mpiga picha kutoka Unguja, aliongeza moto wa hita, akamkalisha kwenye kigoda akiwa ameipa kamera mgongo.

"Dada, usijikaze tumbo. Sikupigi ya pasipoti."

"Hili tumbo halijawahi kukazika," alisema Chepkirui, akaangalia foleni ya magari dirishani.

Picha ilipotoka kwenye printa, mgongo ulikuwa umejaa mikono. Ilikuwa mikono ya wazee, yenye mishipa na madoa, imeng'ang'ania mabegani na ubavuni, jinsi mtu anavyomshika anayemwinua kitandani. Layla alifuta lenzi, akapiga tena. Mikono haikuondoka. Chepkirui alivaa miwani, akaitambua mmoja mmoja. Wenyewe wengi walishazikwa.

"Huyu alikuwa mzito," alisema. "Sheria ni ainuliwe na watu wawili. Kampuni ikanituma peke yangu."

Picha ilitundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho Arlington, kubwa kama mlango. Jumapili iliyofuata, kanisani kwao, mjini Laurel, hakuna aliyeuliza habari za mikono. Kikao cha dharura kiliitishwa baada ya chai, na makalio yakawa ajenda ya kwanza na ya mwisho. Mwenyekiti alikuwa Mzee Phineas, mzee wa kanisa na mwenye kampuni iliyomwajiri Chepkirui. Aliamua kwamba picha iondolewe, la sivyo Chepkirui atafute kazi kwingine.

"Haitoki," alisema Chepkirui. "Mgongo huo ndio uliombeba mama yako mpaka akafa."

"Aki Chepkirui," alisema Mama Abigail, ambaye kazi yake kanisani ilikuwa kuwafunika leso wasichana wenye sketi fupi. "Si ungebaki hata na petikoti?"

"Wangeshika wapi?"

Walikwenda Arlington wote kwa gari la Mzee Phineas. Mama Abigail alitundika leso juu ya picha. Mkono mmoja ukatoka, ukaivuta. Mwingine ukaipokea, ukaikunja vizuri na kumrudishia.

"Asante," alisema Mama Abigail, kwa kuwa alilelewa vyema. Alijaribu tena. Safari hii ilirudi imekunjwa ndogo zaidi.

Mzee Phineas alimnyang'anya leso, akapanda kiti. Kutoka bega la kulia mkono wenye kidole kidogo kilichopinda ukanyooka, ukamshika sikio. Alikijua kidole hicho tangu utotoni.

"Mama, watu wanaangalia."

Mkono ukasokota.

"Mama, nimekoma!"

Ukamwachia. Alishuka, akaweka tai sawa, akamuuliza kwa adabu Layla, aliyekuwa akisimamia maonyesho, iwapo ukumbi hufunguliwa siku za sikukuu. Hakutaja tena kumfukuza Chepkirui. Hakuna mwingine aliyekubali zamu zake.

Jumatatu ratiba ilisema Falls Church, mwanajeshi mstaafu mwenye mwili kama friji, Chepkirui peke yake. Alimpigia Mzee Phineas simu kuomba mtu wa pili. Mzee Phineas alisema hana mtu, na kwamba asimcheleweshe, anapeleka maua kaburini kwa mama yake. Chepkirui alipanua miguu, akamkumbatia yule mstaafu, akamwinua, saa yake kubwa ya mkononi ikimchoma kiunoni.

Mchana Layla alipiga simu.

"Dada, kaongezeka mmoja. Kiunoni, kushoto."

"Ana saa?"

"Anayo. Kubwa."

"Ndiye. Mwambie asogee, asiwabane wenzake." Alikaa chini, akajikanda kiuno. "Na hiyo picha uihamishie dirisha la mbele. Phineas hupita hapo kila asubuhi."

"Itazame ndani au nje?"

"Makalio yaelekee barabarani."