Sokoine au Bi Mwamini

Jina la Sokoine halina shida ya makazi. Dar es Salaam lina barabara, Mbeya lina uwanja wa mpira, Morogoro lina chuo kikuu kizima. Sasa mwenyekiti wa kitongoji, Mahamudu, akataka lipewe hata kinjia chetu cha nje ya Bungu, kile kinachokatiza mikoroshoni, ambacho hata bodaboda hukipita kwa dua.

Biasha hakuwa na ugomvi na marehemu Waziri Mkuu, Mungu amrehemu. Ila aliyeikanyaga njia ile miaka arobaini, mvua na jua, akienda kuzalisha wake za watu, ni mama yake, Bi Mwamini mkunga. Biasha alitaka jina la mama yake liandikwe mahali, watu wapite walisome, basi.

Kwenye mkutano, Feisal, kijana wa anwani za makazi aliyeletwa juzi tu, akaeleza kwamba jina lisipopata mpinzani hata mmoja, linapita. Biasha akalitaja la mama yake, watu wakaafiki. Feisal akauliza kama kuna pingamizi.

Loo, Fikirini huyo akanyanyuka. Fikirini ni mtani wa akina Biasha tangu enzi za mababu, na mtani hanyamazi. Hata siku ya maziko ya Bi Mwamini alijilaza ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo.

"Mimi napinga," alisema. "Bibi yule mlafi. Kila nyumba aliyokwenda kuzalisha alimaliza ubwabwa. Mpeni Sokoine, yeye hakula kwetu."

Watu wakashika mbavu. Biasha naye akacheka, akamwita mchawi, yakaisha. Kumbe Feisal kainamisha kichwa anaandika: pingamizi moja, sababu ulafi.

Alhamisi Biasha akasikia kibao cha Sokoine kinapakwa rangi. Kuuliza, akaambiwa ni kwa lile pingamizi la Fikirini. Akamfuata Fikirini shambani, akamkamata mkono, mguu kwa mguu mpaka kwa Feisal.

"Futa, bwana mdogo," Fikirini akasema. "Ule ulikuwa utani."

"Mzee wangu, siwezi kufuta hivi hivi. Nieleze, alikuwa mlafi au hakuwa?"

Hapo sasa. Mtani kumsifia mtani wake ni aibu, na Fikirini hajalitenda hilo tangu apate akili. Akakuna kichwa, akatazama miguu yake. Biasha hasira zikampanda: yaani huyu mzee afadhali jina la mama lipotee kuliko kusema neno moja jema?

"Mama yangu alishikwa na uchungu siku tatu," Fikirini akaanza, taratibu. "Wakati huo tuko bondeni, mto umefurika, mtumbwi hakuna. Bi Mwamini akavuka, maji kifuani. Mtoto akatoka kimya, wakamfunika kanga wakamzike. Yeye akakataa. Akampulizia pumzi mdomoni mpaka akalia." "Mtoto mwenyewe ndiye mimi."

Biasha hakuwahi kulisikia hilo, mama yake hakuwa msemaji. Akakaa chini palepale akalia, wala hakujali nani anamtazama.

Feisal akakata jina la Sokoine, akauliza hilo jingine aliandikeje. Fikirini ndiye aliyemtajia, herufi moja moja.