Kupe wa Jemedari

Kutoa kupe si kazi ya kusomea. Nimekulia Alego nikiwatoa kwenye ng'ombe wa baba kabla sijajua kuandika jina langu, na sijawahi kuona ng'ombe akiniuliza cheti. Lakini hapa Riruta, katika duka la kuosha mbwa ninakofanya kazi, kuna karatasi ukutani yenye herufi kubwa: HATUTOI KUPE. SISI SI DAKTARI. ANDIKA KWA KADI.

Karatasi hiyo Debra, mwenye duka, aliibandika kwa ajili yangu. Mwaka jana nilimtoa kupe mmoja shingoni mwa mbwa wa mteja, pakavimba kidogo, na mteja akapiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wao. Debra akaniambia nikirudia nisisumbuke kuvua aproni, nitoke nayo. Tangu hapo nikiona kupe naandika kwenye kadi ya mbwa, mwenye mbwa anasoma, anampeleka kwa daktari wa mifugo. Utaratibu mzuri sana, kama mbwa wangeletwa na wenyewe. Lakini mbwa wa huku huletwa na wafanyakazi wa nyumbani.

Jemedari aliletwa na Kamene. Alikuwa mbwa mkubwa wa kahawia, mpole, wa Mzee Ndegwa wa Mutuini, mstaafu wa serikali aliyefiwa na mkewe. Watoto wa mzee wako mbali, kwa hiyo mazungumzo yake yote yalikuwa na mbwa huyo. Kamene, mama mmoja wa Mwingi, alikuwa amempikia mzee na kumfulia miaka sita.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikuwa nasugua masikio ya Jemedari nikawakuta. Wanne sikio la kulia, wawili la kushoto, wamenona kama punje za maharagwe. Nikachukua kalamu.

"Ochola, please, usiandike," Kamene akaninong'oneza.

"Kwa nini?"

"Mzee alinikataza kupeleka Jemedari kwa boma ya jirani, juu ya kupe za ng'ombe. Lakini mimi ndio huenda kuchukua maziwa huko, na huyu akiniona na mtungi hawezi baki nyuma. Mzee akisoma hiyo kadi, mimi nimeenda home. Niko na watoto wawili shule."

"Basi wacha niwatoe haraka."

Nilikuwa nimeshashika sikio. Kisha nikatazama kaunta, na Debra alikuwa ananitazama moja kwa moja. Nikauondoa mkono. Dakika mbili tu zingenitosha, na bado naona aibu kuzitaja.

"Utawatoa wewe ukifika?" nikamuuliza Kamene.

"Nitawatoa. Nikifika tu."

Kwenye kadi nikaandika: mbwa safi.

Alijaribu, sitamsingizia. Lakini Jemedari aliposhikwa sikio alimngurumia, naye Kamene hajakulia na ng'ombe kama mimi, akaogopa, akangoja waanguke wenyewe. Baada ya wiki tatu mbwa akaacha kula. Fizi zikawa nyeupe. Daktari alipoitwa alisema ni homa ya kupe na kwamba wamechelewa. Mbwa akafa siku ya pili yake.

Mzee Ndegwa alikuja dukani Jumanne asubuhi, ameshika kofia mkononi. Sikuwa nimewahi kumwona. Alisimama mbele ya meza yangu kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Kijana, nina swali moja tu," akasema. "Siku ile uliosha Jemedari, uliona kupe?"

Debra akainua macho kutoka kwenye simu yake. Nikaifikiria kazi yangu. Nikamfikiria Kamene pia, naapa nilimfikiria.

"Hapana, mzee. Alikuwa safi."

"Una hakika?"

"Kabisa, mzee. Hata niliandika kwa kadi."

Akatikisa kichwa polepole. "Haya. Asante," akasema, akatoka. Debra akaniambia nimejibu vizuri. Nami, mjinga mimi, nikajiona nimeokoa watu wawili kwa uongo mmoja, nikaendelea kumkausha mbwa aliyekuwa mezani huku nikipiga mluzi.

Saa nane Kamene akaingia. Alikuwa na begi, na shuka limefungwa kwa kamba.

"Ulimwambia nini?"

"Nilikufunika. Nilisema sikuona kitu."

Akaketi kwenye benchi ya wateja.

"Mimi nilikuwa nimemwambia kila kitu, Ochola. Jana. Boma, kupe, vile nilikuomba usiandike. Nilishindwa kumwona akilia peke yake. Akaniambia nimekosa, lakini hawezi fukuza mtu amesema ukweli. Asubuhi akasema acha akuulize tu, asikie na kwako." Alifuta uso kwa kona ya leso. "Amerudi ameniambia nimeua mbwa wake, halafu nikasingizia mtu wa watu. Amesema na mwongo hawezi kaa."

Miaka sita ya mwanamke yule niliimaliza kwa neno moja, tena nikidhani ni wema.

"Nitaenda kumwambia," nikasema.

"Twende saa hii. Wewe ukisema, ataamini."

Nilitazama kaunta. Debra alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza. Mbwa watatu walikuwa wanangoja zamu yao.

"Wacha nimalize hawa," nikamwambia Kamene. "Ningoje."

Alingoja. Nilimaliza mbwa wa kwanza, nikampandisha wa pili mezani, sikutaka kugeuka. Nilipogeuka benchi ilikuwa tupu, na begi halikuwepo. Simu yake nilipiga mara mbili, haikushikwa, sikupiga tena.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Mutuini si mbali, ni dakika ishirini kwa boda. Mpaka leo sijaenda.