Sanduku la Vifaa la Cyprien

Mu Uvira yote hakuna mwanamke anayejua ordinatere, kompyuta, kunipita minye. Kazi yangu juu yake ni moja: kuifunika kitenge jioni, vumbi lisiingie.

Chama chetu kiko na ordinatere mbili. Yetu ya hapa iko na Windows. Ya wenzetu wa Nyakabere, wanaolima mpunga, ni ya zamani, iko na mfumo mwingine, Linux. Tulitafuta programu moja ya kuandika zamu za kupakia kamio, lori letu sote, sisi ndagala zetu za ziwani, wao mchele wao, ifunguke pande zote mbili. Na wao walishasema: ikifunguka Uvira peke yake, wanatoka mu chama. Eti kila kitu kizuri kinabakiaga huku ku ziwa. Hawakosei sana.

Cyprien, fundi wa programu, alifika asubuhi, viatu vinang'aa. Mu tope hili, mutu wa viatu safi minye ninamwangaliaga mara mbili.

Pembeni yangu Kankindi alikuwa anachagua mchele. Ni yeye anachunga ordinatere ya Nyakabere. Cyprien akatusalimia wote wawili, "Jambo ba mama." Hakuuliza huyu ni nani. Minye pia sikumwambia.

"Mama Ernestine," akasema, "sanduku la vifaa vya kujengea madirisha ya programu nimekwisha kuchagua. Linaitwa Electron. Ninaandika mara moja, Windows inafungua, Linux inafungua."

"Hakuna lingine?"

"Iko Tk. Jepesi, lakini sura yake ya kizee."

"Pole yake," nikasema. "Na hilo lako la ujana, ndani linabeba nini?"

Akakohoa kidogo. "Navigateur nzima, ile ya kufungulia intaneti."

"Basi ni mgeni anayekuja na mbabula yake ya makaa, sufuria zake na bibi yake. Nyumba ya Nyakabere ni ndogo, baba. Atalala wapi?"

"Anaenea mule ndani, mama. Nilijaribu kule mwenyewe, wiki iliyopita."

Kankindi akauliza, macho yake mu sinia: "Ilifunguka?"

"Palepale. Hata chafya ungekuwa hujaimaliza."

"Ufunguo wa bureau, ofisi ya kule, alikupa nani?"

"Mama Kankindi mwenyewe," Cyprien akasema, na sasa alikuwa amepata raha, akaegemea kiti. "Mama mnene, muzuri sana wa roho. Alinipikia mpaka ugali. Tulicheka mpaka saa sita."

Kankindi ni mwembamba kama ufito wa uzio. Akapuliza makapi pole pole, akaweka sinia chini.

"Dada," akaniuliza, "minye nilinenepa mwaka gani?"

"Sikumbuki," nikasema. "Labda ni wiki iliyopita."

Akamgeukia fundi. "Mwana wangu, Kankindi ni minye. Huo ugali nilikupikia na unga gani?"

Cyprien, maskini, akajibu:

"Wa muhogo."