Hatua Ishirini Kutoka kwenye Maji

Esperansia aliinamisha mtungi, akaimwaga pombe yote chini ya migomba. Ya pili kuharibika ndani ya mwezi mmoja. Ndizi zilikuwa zile zile, mtama ule ule aliousaga mwenyewe. Kilichobadilika ni chemchemi. Siku hizi maji yake yalikuwa na harufu, ndogo, ya kujificha, lakini mtu aliyekamua ndizi tangu alipomaliza darasa la saba hawezi kuikosa.

Akatazama juu. Miaka miwili nyuma kilima kile cha pembeni mwa Rulenge kilikuwa maharage matupu. Watu wakakatiana viwanja, kila mmoja akajenga alipofikia, na juu kabisa ya chemchemi ikakaa nyumba ya Véronique: bati jekundu, madirisha sita ya vioo, choo cha vigae. Shimo la choo hicho lilichimbwa hatua ishirini kutoka kwenye maji.

Madirisha hayo alikuwa ameyahesabu mara nyingi. Yeye na Véronique walibeba ndoo pamoja tangu utotoni, wakipokezana kata ya kichwani. Sasa mwenzake alikunywa maji ya tangi.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Benedicto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Vigae! Binti, ukivitaka sema tu, tukuchangie."

"Maji yananuka, mzee."

"Kinachonuka ni wivu."

Waliokaa barazani wakacheka. Kilichomuuma ni kwamba mzee hakusema uongo. Wivu alikuwa nao, analala nao, anaamka nao. Lakini maji nayo yalinuka.

Jumamosi Véronique akafungua nyumba. Padri alibariki vyumba, wageni wakakaa uani, na Esperansia, aliyeagizwa pombe, akaingia na mtungi kichwani. Akautua mbele ya mwenye nyumba, akachomeka mrija. Aliyeleta huonja kwanza, watu waone hakuna sumu. Akanyonya, akameza. Akameza tena.

"Mbona haina povu?" Benedicto akauliza.

"Si pombe, mzee. Pombe imekataa. Haya ni maji ya chemchemi, nimeyateka asubuhi."

Véronique akajaribu kucheka. "Dada, leo kweli? Mbele ya wageni wangu?"

"Nakuonea wivu, Véronique. Madirisha yako nayaota. Hilo nalikubali, na padri anasikia." Akamsogezea mrija. "Sasa onja."

Mtu mmoja aliguna. Véronique alimtazama Benedicto, na Benedicto akatazama viatu vyake. Ndipo Véronique akainama, kitenge kipya kikigusa vumbi, akaushika mrija kwa vidole viwili. Ulifika karibu na mdomo, ukasimama hapo.

Kutoka bondeni, kwenye chemchemi, zilipanda sauti za wanawake wakigombania zamu, na ndoo zikigongana.