Bakapu Iliyofika Kiganjo

Mwikali alikuwa msimamizi wa seva katika ushirika wa wafugaji pale Gatitu, Nyeri. Seva zenyewe, yaani kompyuta za kutunzia kumbukumbu, zilikuwa mbili, ndani ya kichumba chenye kufuli, na ndani yake mlikuwa na ng'ombe elfu tisa: jina la kila mmoja, siku aliyozaliwa, chanjo alizopata na fahali aliyemzaa. Mfugaji akipiga simu kuuliza kama ng'ombe wake anaweza kupandishwa na fahali fulani, karani huangalia kwanza wasije wakawa baba na binti.

Kila Ijumaa Mwikali alinakili kumbukumbu zote kwenye diski ndogo ya bakapu, akaifunga kwa nenosiri, akamkabidhi meneja, Bwana Gathogo, aiweke mbali na seva. Wiki moja alikuja mkaguzi kutoka Nairobi, akawaambia, "Bakapu yenu ni lazima iwe baridi." Alimaanisha iwe imechomolewa, isiunganishwe na mashine yoyote, ili wezi wa mtandaoni wasiifikie. Mwikali alielewa. Gathogo aliandika kwenye daftari lake, hakuuliza kitu.

Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa tupu, Mwikali aliketi kusakinisha toleo jipya la programu ya ushirika. Ilifika nusu, seva zote mbili zikajizima. Zilipowaka tena, zilionyesha ng'ombe mmoja tu, aitwaye Mfano, ambaye huja na programu ikiwa mpya.

Hakushtuka sana. Bakapu ilikuwepo. Akampigia Gathogo simu.

"Bwana Gathogo, naomba ile diski ya jana."

"Iko salama kabisa. Nimeiweka baridi, vile mkaguzi alisema."

"Baridi wapi?"

"Kwa chumba cha maziwa. Digrii nne. Nimeifunika ndani ya kikopo cha yogati ndio isiingie maji."

Mwikali alishuka ngazi mbio. Rafu ya yogati ambayo ushirika huuza madukani ilikuwa tupu, haina hata kikopo kimoja. Dereva wa ushirika, Moffat, alikuwa ameshapakia kila kitu saa kumi na mbili asubuhi.

"Hizo kreti nimeshusha zote kwa duka la Mama Kim, Kiganjo," Moffat alisema kwenye simu. "Kulikuwa na kikopo kimoja kizito, nikajua imeganda."

Gathogo alifika na pikapu yake akiwa bado amevaa ndara. Walipokaribia Kiganjo akauliza, "Kuna mtu anaweza kuisoma?"

"Hapana. Nenosiri yake ni ndefu kuliko hii barabara."

"Na kuikula?"

"Kuikula ndio sijaweka nenosiri."

Nje ya duka la Mama Kim walikuta watu kumi na watano hivi wamesimama, kila mmoja na kijiko, wanakula yogati kimyakimya na kuchungulia ndani ya vikopo. Mwalimu mstaafu aitwaye Duncan alikuwa kwenye kikopo cha saba, na alionekana kujuta tangu cha nne. Ndani, diski ilikuwa imetundikwa ukutani kwa utepe mwekundu, juu ya mikate.

"Nimeshinda," Mama Kim aliwaeleza kwa fahari. "Nilifungua kikopo, nikaipata. Ndio hawa wanatafuta zao."

"Mama Kim, hakuna zawadi," Gathogo alisema. "Hiyo ni ya ofisi."

"Ati ya ofisi, na ilikuwa kwa yogati?"

Mwikali akaona bora azungumze yeye. "Mama, mimi ndiye naichunga. Hapo ndani kuna ng'ombe wa wanachama wote."

"Mimi ni mwanachama. Ng'ombe wangu ako?"

"Anaitwaje?"

"Kasuku."

Mwikali akafungua laptopu juu ya kaunta, akaunganisha diski, akaandika nenosiri huku Mama Kim akigeuza uso kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni abadilishe nguo. Orodha ikafunguka. Waliokuwa wakila yogati wakasogea.

"Kasuku huyu hapa. Alizaa mwezi wa tatu. Chanjo yake ilikuwa ifanyike wiki iliyopita."

Mama Kim aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Na hakuna mtu alikuja."

"Daktari wa mifugo atakuja Jumatatu," Gathogo alisema haraka. "Nitakuja naye mimi mwenyewe."

"Basi chukueni. Lakini utepe ni wangu."

Duncan aliuliza kwa sauti dhaifu kama kuna haja ya kumaliza kikopo chake. Hakusubiri jibu, akakiweka chini taratibu.

Kufikia saa nane mchana ng'ombe wote elfu tisa walikuwa wamerudi kwenye seva. Mwikali aliwahesabu mara mbili, kisha akakaa sakafuni nje ya kichumba akacheka peke yake mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaumwa.

Jumatatu maduka sita ya Kiganjo yalipiga simu ofisini yakitaka yogati yenye vitu ndani. Mwikali alimpelekea Gathogo simu zote, na kila mara alisikia, kupitia ukuta, meneja akianza upya kueleza maana ya baridi.