Mtaa Ndani ya Mabano

Mama Magodoro alitoka nje asubuhi na fimbo yake ya kupigia sufi, akakuta kitu kimelala kukatiza barabara. Kilianzia kwenye ukuta wa fundi bati, kikaenda mshazari mpaka kona ya duka la dawa upande wa pili. Kilikuwa cheusi na laini, na kimo chake kilimfika kifuani. Alikigonga kwa fimbo. Hakikulia kama mti, wala hakikulia kama chuma.

"Jirani, hiki chako?" alimuuliza fundi bati, aliyekuwa anafungua karakana.

"Mama, ningekuwa na mali kama hii ungenikuta nimeshaikata vipande."

Fundi alikitazama kidogo, kisha akapanga ndoo zake mpya juu yake. Zilionekana vizuri zaidi pale kuliko mlangoni.

Mama Magodoro akarudi ndani kumwambia mke wa mwanawe. Binti alikuwa amelala ubavu, tumbo limeegemezwa mto, simu mkononi. Mimba ilikuwa imeshika mwezi wa mwisho, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini.

"Ni cheusi, Mama? Kimelala mshazari?"

"Umekiona wapi, na hujatia mguu nje?"

"Ni mkwaju wangu. Nimeuweka jana."

Binti alikuwa mchoraji wa ramani ya pamoja. Ramani hiyo haikuwa ya serikali wala ya tajiri. Ilikaa kwenye simu, na kila mwenye simu na subira aliruhusiwa kuichora: huyu akaweka kisima, yule akanyoosha barabara, mwingine akakifuta kisima akisema kimekauka. Humo ndani hakuna aliyetumia jina lake. Binti alijiita Sindano, kwa heshima ya kazi ya mama mkwe wake.

Mtaa wao ulikuwa na majina mawili. La kwanza, la lugha ya ofisini, lilikuwa la mhandisi mmoja aliyewahi kupita hapo akiwa na haraka. La pili, la lugha ya nyumbani, lilimaanisha Penye Wafua Bati, na hilo ndilo walilolijua watu. Kwenye ramani lilikuwapo la mhandisi peke yake.

Katika mimba ya kwanza ya Sindano, Mama Magodoro ndiye aliyepiga simu kuita gari la wagonjwa, akawapa jina alilokuwa nalo. Gari lilizunguka mji mzima likitafuta Penye Wafua Bati, halikupaona. Mtoto hakungoja. Tangu hapo Sindano alitaka jambo moja: jina hilo liwemo kwenye ramani kabla hajajifungua tena. Basi alikuwa ameliandika kando ya lile la mhandisi, na katikati akatia mkwaju, ile alama ya kijiti kilichoinama, bila kuacha nafasi kushoto wala kulia, kama alivyoona wengine wanavyofanya.

"Ungeacha nafasi kidogo," alisema Mama Magodoro. "Watu wapite wapi?"

"Sikujua, Mama."

"Haya. Kunywa chai, isipoe."

Watu walizoea. Walioweza waliuparamia mkwaju, wasioweza walipita uani kwa mwuza dawa, ambaye alinung'unika mwanzoni, halafu akaona wanaopita wananunua, akanyamaza. Ila mkwaju ulionyesha jambo. Upande wa juu, kwenye jina la mhandisi, ndiko lilikofika gari la maji, na gari la taka, na fundi wa umeme. Upande wa chini hawakufika. Hawakuwa wakifika hata kabla ya mkwaju, lakini zamani hapakuwa na mahali pa kunyooshea kidole.

Ramani ile ina ukumbi wake wa majadiliano, na ukumbini kulikuwa na mtu aliyejiita Mlinzi. Aliishi mbali. Alikuwa mtu wa adabu: alianza kila ujumbe kwa salamu, akamaliza kwa shukrani, na katikati akafuta kazi za watu. Mlinzi aliuondoa mkwaju, akaweka kistari cha kuyaunganisha majina.

Kesho yake barabara ilikuwa wazi. Katikati kulikuwa na kitu kifupi cheusi, kimeelea usawa wa kiuno, kimenyooka kutoka upande wa juu kuja wa chini. Hakikumzuia mtu. Watoto walikikalia, watu wazima wakakiwekea vikombe vya chai. Gari la taka lilishuka mpaka mlangoni kwa fundi bati, na dereva wake akasema hajui ni kwa nini hajawahi kufika huku. Sindano alitoka kunyoosha miguu. Mama Magodoro alipiga sufi barabarani, fimbo ikaenda vizuri, manyoya yakaruka.

Kisha mchoraji mwingine akaandika ukumbini kwamba kistari kinafanya majina mawili yaonekane kuwa ya mtu mmoja. Hakukosea. Wageni walikuwa wamekuja wakiuliza ukoo wa Mhandisi Mfua Bati, wakaonyeshwa fundi, wakamtazama juu mpaka chini, wakaenda zao. Mkwaju ukarudishwa, na ndoo za fundi zikarudi juu yake.

Sindano alianza kuomba nafasi. Mkwaju wenye nafasi pande zote mbili, alisema, ungeacha njia ya kupita. Majibu alimsomea mama mkwe wake, naye anashona pindo la godoro miguuni pake.

"'Salaam, Sindano. Nafasi kandokando ya mkwaju haziruhusiwi. Miji mingine yote imeandikwa bila nafasi. Ahsante kwa mchango wako.'"

"Mwambie hali yako."

Sindano akaandika kwamba yu karibu kujifungua, mlango wake uko upande wa chini, na anaomba nafasi moja kila upande, ya kupitisha machela.

"Kajibu?"

"Kajibu. 'Hongera sana. Nimepitia kanuni zote na sikuona kifungu kinachohusu machela.'"

"Ana lugha nzuri," alisema Mama Magodoro, akakata uzi kwa meno. "Muulize kama ana mama."

"Huku hawaulizani hivyo, Mama."

"Basi mtegee kitendawili. Amelala barabarani, haumwi, hajalewa, wala hana usingizi."

Sindano akakitega. Mlinzi akajibu, baada ya salamu, kwamba ukumbi ni wa masuala ya ramani tu.

"Kashindwa huyo. Atupe mji," alisema Mama Magodoro. "Si anayo mingi humo?"

Sindano alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaacha kucheka, akaendelea kulishika.

Wachoraji waliafikiana ukumbini wakati Sindano amelala. Mlinzi aliandika kwamba imepatikana suluhu ya kuzifaa pande zote: jina la ofisini litangulie, la nyumbani lifuate ndani ya mabano, na kabla ya mabano iwepo nafasi moja. "Uliomba nafasi," aliandika, "na nafasi imepatikana."

Mkwaju uliondoka kwa mara ya mwisho. Badala yake zilisimama kuta mbili nyeusi, ndefu kupita kichwa cha mtu, moja pale unapoanzia upande wa chini, nyingine mwisho wa mtaa, zimepinda kuelekeana kama viganja vya mtu anayekinga mshumaa. Mbele ya ukuta wa kwanza palikuwa na nafasi, safi, tupu, ya kutosha gari kugeuza. Njia ya uani kwa mwuza dawa nayo ilizibwa; kati ya ukuta na nyumba ulibaki upenyo wa mtu mmoja kupita ubavu ubavu, kama hana tumbo.

Ndani ya mabano sauti zilikuwa vilevile. Zilipovuka nje zilikuwa zimepungua. Fundi bati aligonga mabati kutwa, na mwuza dawa, aliyebaki upande wa nje, akadhani karakana imefungwa.

"Tumekuwa watu wa kunong'ona," alisema fundi.

"Wewe na nyundo yako hiyo? Kuna majirani wanamshukuru Mungu leo," alijibu Mama Magodoro.

Uchungu ulimshika Sindano mchana, jua likiwa kali. Alipiga simu mwenyewe, akataja majina yote mawili kwa mpangilio wake kwenye ramani. Gari la wagonjwa lilikuja upesi kuliko gari lolote lililowahi kuja mtaani hapo. Lilifika kwenye nafasi, likasimama.

Mama Magodoro aliita kwa sauti yake yote. Upande wa pili ilisikika kama mtu anayesafisha koo. Fundi bati na majirani wakamnyanyua Sindano akiwa juu ya godoro lake, wakamleta mpaka chini ya ukuta. Godoro halikupita. Mama Magodoro akaingiza kichwa kwenye upenyo, kikatokea nje.

"Baba, njoo na machela."

"Machela haipiti hapo, Mama," alisema dereva. "Na mimi nimeshafika."

"Umefikaje, na mgonjwa yuko huku?"

Dereva akamwonyesha simu. Alikuwa amefika kweli. Kidoti chake kilikuwa juu ya jina la mhandisi, hakipungui wala hakizidi.

"Mimi sina ubaya, Mama. Sisi tunapelekwa kwenye jina la mbele. Hilo la mabanoni wameliweka kwa faida ya msomaji."

"Msomaji anajifungua."

Muuguzi aliyekuwa garini alishuka. Alijaribu kupita, tumbo likagoma. Akapenyeza glavu, mkasi na kitambaa safi, akamweleza Mama Magodoro la kufanya, polepole, naye Mama Magodoro akarudia kila neno. Halafu simu ya dereva ikaita. Kulikuwa na mgonjwa mwingine, mwenye jina la mbele.

Mtoto alizaliwa chini ya ukuta, juu ya godoro la sufi, mikononi mwa bibi yake. Alikuwa wa kike. Alilia mpaka ndoo za fundi bati zikaitikia na vioo vya madirisha vikatetema. Sindano alimsikiliza. Yule wa kwanza hakuwa amelia.

Huko nje dereva alikuwa anafunga mlango wa gari.

"Umesikia kitu?" alimuuliza muuguzi.

"Kama karatasi inafunuliwa."

Wakaondoka.

Sindano aliandika ukumbini kwamba amejifungua salama, na kwamba machela haikupita. Mlinzi alimpa hongera ya pili, akamshukuru kwa ushirikiano, akaandika kwamba mjadala umefungwa.

Kuta zipo mpaka sasa. Mama Magodoro huegemeza magodoro hapo kuyaanika, maana zinashika joto vizuri na sufi inafumuka. Gari la maji hufika kwenye nafasi, likageuza, likarudi. Baba mtu aliporudi safari aliegesha lori hapo nje, akapita kwenye upenyo akiwa amevuta tumbo ndani, akapewa mwanawe.

Jioni ile majirani walikuja kumpongeza. Mama Magodoro alikuwa amempakata mjukuu, naye mjukuu analia kwa nguvu zake zote.

"Kitendawili," alisema bibi.

"Tega."

"Analia, nyumba inatikisika, mlangoni wanasema pametulia."

Hakuna aliyeshindwa. Walikitegua wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na fundi bati akaitikia kwa nyundo yake. Upande wa nje, mwuza dawa aliinua kichwa, akadhani ni upepo, akaendelea kufunga duka.