Mjane Asiyekaa Eda

Mwanamvua alikuwa afisa afya wa kata, mwenye diploma yake, na kwa miaka kumi na tisa alikagua vyoo vya Kaole bila kukosea hata kimoja. Akisema choo kimejaa, kimejaa. Kwa hiyo bintiye Samia, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa, alipoomba atafutiwe watu ishirini wa kutazama filamu, watu walipatikana. Nani angekataa, na choo chake anakijua?

Sharti la Mwalimu Bwanausi wa chuoni lilikuwa fupi: Samia aonyeshe filamu ya zamani kijijini, watu ishirini waitazame mpaka mwisho, kisha watoe maoni. Wakibaki kumi na tisa, anarudia mwaka.

Alasiri ile madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa kanga. Wanawake walikuja na ukili wa kusuka, mikono isikae bure. Mwalimu alikaa nyuma na fomu yake. Filamu ilikuwa ya Kimarekani ya miaka ya arobaini, nyeusi na nyeupe: tajiri kaanguka ngazini kafa, na mpelelezi anachunguza huku akisimulia mwenyewe. Samia alisimama kando ya shuka jeupe akitafsiri.

"Mbona wanakaa gizani?" aliuliza Bi Ashatu, jirani yao. "Luku imekwisha?"

"Giza ndiyo sanaa yenyewe, bibi."

"Na huyo mpelelezi, kofia kichwani ndani ya nyumba ya watu! Hakulelewa?"

"Na mvua haikatiki! Ingekuwa Kiwangwa," alisema Mosi, fundi cherehani, "mananasi yangeoza yote."

Hapo akatokea mjane wa marehemu, gauni linameremeta, sigara mkononi, akamcheka mpelelezi machoni.

Mwanamvua aliweka ukili chini. "Mumewe kazikwa lini?"

"Juzi, mama."

"Juzi! Eda miezi minne na siku kumi, huyu siku ya pili kashatia wanja. Ndiye aliyemuua. Mpelelezi wa nini?"

"Labda kwao hakuna eda," alisema Bi Ashatu.

"Na aibu nayo hakuna?"

Ukumbi mzima ulikubali. Balaa likaanzia hapo hapo.

Mosi akakunja ukili wake. "Basi kama muuaji tumeshampata, mimi nikaunge mchuzi." Akasimama. Bi Ashatu naye akasimama. Mara wakawa sita wanaotafuta kandambili gizani. Mwalimu Bwanausi akatoa kalamu.

Samia alimtazama mama yake tu, kwa macho yale ya siku alipoachwa mlangoni pa darasa la kwanza.

Mwanamvua alijua kuamuru hakutafaa. Mtu uliyemkalisha kwa nguvu hutoa maoni ya kisirani. Lilibaki neno moja, nalo hakuwahi kulitumia. Akakohoa.

"Lakini huenda nimekosea."

Kandambili zikanyamaza.

"Umesemaje?" aliuliza Mosi.

"Nimesema huenda nimekosea." Lilimtoka kama mwiba wa samaki.

Mosi akarudi, akavuta kiti mbele. "Mchuzi utasubiri. Siku Mwanamvua anakosea, mimi nisiwepo?" Bi Ashatu aliwapigia simu wadogo zake watatu walioko Kerege wapande bodaboda upesi.

Wakatazama kama fainali. Kila aliposhukiwa mwingine, mtumishi, wakili, shemeji mtu, ukumbi ulimwombea dua: "Yarabi, awe huyu!" Mpelelezi alipopigwa risasi akaendelea kusimulia, Mosi alishindwa kuvumilia. "Risasi tatu, na bado anahadithia! Mume wangu akiumwa jino tu, husikii sauti yake siku mbili."

Mwishoni mjane alitoa bastola mkobani, akakiri yote. Watu ishirini na watatu waliguna kwa uchungu.

"Filamu hii inahusu nini?" aliuliza Mwalimu.

"Eda," alijibu Bi Ashatu. Wakabishana saa nzima, na Mwalimu akaandika mpaka nyuma ya fomu. Samia alifaulu.

Jumatatu Mwanamvua alikwenda kwa Mosi, akachungulia chooni, akatoka.

"Kimejaa."

Mosi alishika kiuno, akatabasamu. "Huenda umekosea, afisa."

Mwanamvua akaandika: kimejaa. Kisha akapitisha kalamu juu ya neno lile lile, mara ya pili, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka.